Mboga za juu ya mti: kila jani na moto wake

SWALI: Shikamoo shangazi. Uani kwangu nina mlonge na mihogo michache. Mlonge kila nikiupika unatoka mchungu, halafu una vijiti vinavyokwama kooni. Na kisamvu nimechoka kukitwanga. Nikikikatakata tu nikachemsha, haitoshi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naona unapika mlonge kama kisamvu, na kisamvu unataka kukipika kama mlonge. Geuza.

Uchungu wa mlonge huanzia mtini, kabla hujawasha jiko. Chuma ncha za matawi, majani machanga yaliyo laini. Yaliyokomaa yana ukali. Na usiuache mti ukimbilie juu: ukate usawa wa kifua, utachipua matawi mengi pembeni, nawe utachuma ukiwa umesimama chini. Kisha uchambue. Shika kikonyo kwa mkono mmoja, kipitishe katikati ya vidole viwili vya mkono wa pili huku ukivuta; vijani vitabaki kiganjani. Vile vijiti havilainiki hata ukivipika mpaka jioni, vitupe. Ukiwa na mzigo mkubwa, funga matawi kwenye kitambaa usiku kucha. Asubuhi ukiyakung'uta, vijani hupukutika vyenyewe.

Kaanga vitunguu na nyanya mpaka zirojeke, ndipo utie majani, geuza kwa dakika 3 hadi 5, epua. Basi. Mafuta usiyabane sana, maana karotini iliyo kwenye majani, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta. Ukitaka kukausha, anika kivulini. Jua kali huiharibu vitamini hiyo. Mizizi ya mlonge usiitie chunguni kabisa, ina sumu. Na kama nyumbani yupo anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee kwanza na daktari wake, kwa sababu majani ya kijani ya namna hii yana vitamini K nyingi na hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kisamvu sasa, na hapa nakuomba unisikilize. Jani la muhogo limebeba linamarini, kitu kinachotoa sumu kikivunjwa, na ndani ya jani hilo hilo kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuivunja, ila vimetengwa. Kinu ndicho kinachovikutanisha. Vikikutana, sumu ya sianidi hutoka, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, hupaa na kwenda zake. Ukitosa majani mazima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya hufa kabla ya kazi na linamarini inabaki ndani ya mboga. Kukatakata hakupondi seli za kutosha. Kwa hiyo twanga mpaka jani lilainike kabisa, liache kidogo lipumue, kisha chemsha sufuria ikiwa wazi, bila haraka. Mikono ikichoka, mashine ya kusagia inafanya kazi ile ile ya kinu.

SWALI: Shangazi, nyuma ya nyumba kuna mlusina umeota wenyewe. Mbuzi wanayapenda majani yake mno na hawadhuriki. Si nasi tunaweza kuyafanya mboga?

JIBU: Usifanye hivyo. Mlusina una mimosini, kitu kinachonyonyoa nywele na kuvuruga tezi ya shingo. Mbuzi wengine humudu kwa sababu tumboni mwao wana bakteria wanaoivunja. Bakteria hao si kila mnyama anao: Australia ng'ombe walidhurika na mlusina mpaka watafiti walipowapelekea bakteria kutoka kwa mbuzi wa Hawaii, miaka ya 1980. Sisi tumbo la mbuzi hatuna. Mlusina waachie wao, na mti mwingine wowote usioujua, peleka kitawi chenye jani, ua na tunda kwa mtu anayeijua mimea kabla hujabandika sufuria.