Kabla hujagawa kitambaa cha unahodha

Refa alikuwa ameshika sarafu, akawa anatazama huku na huku. Mbele yake wamesimama watu watatu: nahodha wa wapinzani, na wawili wa kwetu, kila mmoja na kitambaa mkononi.

"Kapteni wenu nani?"

Kipa wetu akasema, "Mimi." Kiungo wetu akacheka: "Sote, refa." Refa akawaambia mmoja wao avue. Hakuna aliyevua. Ilibidi nitoke kwenye benchi niingie mpaka katikati, mashabiki wananizomea, nimwombe kipa arudi golini. Akarudi, lakini kitambaa hakukivua, na njia nzima hakumtazama mtu.

Hiyo ilikuwa timu yetu ya mtaa hapa Ngamiani, Tanga. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, na kama mnavyozijua timu zetu, nilikuwa pia mtunza jezi, mnunuzi wa maji na mpatanishi. Jina la timu naliacha, maana wahusika bado tunasalimiana.

Tulikuwa na watu wawili wanaostahili. Kipa alikuwa kaka wa timu, mtu mzima, ana familia, vijana wakimwona anaingia wanashusha sauti. Kiungo alikuwa dogo wa miaka ishirini na mbili, anacheza kila mechi kama fainali, na nusu ya kikosi ni marafiki zake wa utotoni. Kamati nayo ilikuwa na pande mbili, kila upande una mtu wake. Tukaona tuwape wote. Kwenye kikao tulisema tunajenga uongozi wa pamoja. Ukweli ni kwamba tuliogopa kumwambia mmoja wao hapana, na nawaambia wenzangu mnaofundisha timu za mtaani, hapo ndipo pa kujikagua kwanza. Unagawa unahodha kwa sababu kazi ni nyingi, au kwa sababu hutaki ugomvi? Kama ni ugomvi, hujaukwepa. Umeuhamisha tu, umeutoa kwenye kikao ukaupeleka uwanjani.

Uharibifu haukuanzia kwenye mechi, ulianzia mazoezini. Mchezaji anayetaka kukosa mazoezi ya Jumatano anamwomba kaka ruhusa. Kaka akikataa, anakwenda kwa dogo. Dogo anamwambia, "Nenda bwana, nitamaliza mimi." Ni kama mtoto aliyenyimwa na baba akaenda kuomba kwa mama. Ndani ya mwezi mmoja kila mtu alikuwa na nahodha wake, na kaka akaacha kukataza, kwa sababu hakuna mtu mzima anayependa neno lake lipanguliwe na mdogo wake mbele za watu.

Kisha ikaja penalti. Matokeo ni bao moja kwa moja, dakika zinaishia. Beki wao kaushika mpira, refa kaonyesha kidoti. Kumbe kaka alikuwa amemwahidi straika wetu, ambaye hajafunga kwa muda, kwamba penalti ikipatikana ni yake, ajirudishie moyo. Dogo yeye alikuwa amejipanga apige mwenyewe. Kaka akatoka golini mbio, kiwanja kizima, akamkuta dogo ameshaweka mpira. Wakashikana maneno, si ya matusi, ila ya kutosha kuwafanya wapinzani wakae chini wanywe maji huku wanacheka. Mwisho straika akapiga. Mtu aliyesimama muda wote ule akisikiliza watu wawili wanabishana kama anafaa au hafai, mguu wake unakuwa na uzito gani? Mpira ulipita juu ya goli, ukaenda kutafutwa na watoto kwenye shamba la mihogo.

Sasa nisije nikaonekana nasingizia kitambaa kila kitu. Msimu ule tulipoteza winga wetu bora aliyehamia Dar es Salaam kikazi, na mechi kadhaa tulicheza ndani ya Ramadhani, nusu ya timu imefunga, jua la saa kumi linawaka. Tungeyumba hata kwa nahodha mmoja. Mwalimu anayekwambia timu imeshuka kwa sababu ya unahodha peke yake anatafuta pa kuficha makosa yake. Mashabiki wa Arsenal mnakumbuka msimu wa 2018/19: kocha wao Unai Emery alitaja manahodha watano. Kikosi kile kilicheza mechi 22 mfululizo za mashindano yote bila kufungwa, mpaka Southampton walipozima sherehe Desemba. Halafu Aprili, manahodha ni walewale, wakapoteza mechi 3 za ligi kwa mpigo, dhidi ya Crystal Palace, Wolves na Leicester, wakakosa nafasi ya nne kwa pointi 1. Basi utasema manahodha watano ni wazuri au wabaya? Mimi naona mambo yakienda vizuri unahodha wa pamoja hauonekani kabisa. Unauona siku mambo yameharibika, kila mmoja anapomsubiri mwenzake aseme neno.

Wala kura si dawa. Msimu uliofuata wachezaji wa Arsenal walipiga kura, Granit Xhaka akapata. Oktoba 2019 alizomewa na mashabiki wa nyumbani akitolewa kwenye mechi na Crystal Palace, akavua jezi, na siku chache baadaye unahodha ukaondoka.

Basi mimi na manahodha wangu wawili kichwani, nilikwenda barazani kwenye kahawa. Pale wazee wapo ambao mazungumzo ya mpira lazima yapitie 1988, mwaka ambao Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walichukua ubingwa wa ligi. Mzee mmoja hakunipa hata nafasi nimalize. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema, akageukia kikombe chake. Nilijua litakuja, kila mtu Tanga alishaniambia.

Lakini mjomba wangu alikuwepo. Ameendesha vyombo kutoka Sahare miaka na miaka. Akaniuliza, "Hao wawili wenu, usiku anakesha nani?" Sikuelewa. Akanieleza kwamba chomboni yupo nahodha, yupo anayeshika sukani nahodha akilala, yupo wa tanga, yupo anayefua maji ngamani, yaani anayatoa maji yanayoingia chini ya chombo. Anayefua maji haji kumuuliza mtu kama maji yafuliwe, na wa sukani hamshikii nahodha hesabu ya nauli. "Nyinyi mmewapa watu wawili sukani moja. Maji anayafua nani?"

Wallahi nilirudi nyumbani nikachukua daftari. Nikaandika kazi zote za nahodha wa timu ya mtaani, na nawashauri mfanye hivyo kabla ya kutaja jina la mtu. Kuongea na refa. Kuamua mpigaji wa penalti na faulo. Kutoa ruhusa za mazoezi. Kufuatilia posho na nauli kwa kamati. Kumtembelea aliyeumia. Kumwita pembeni kijana aliyeanza kunywa. Utashangaa: zinazohitaji kitambaa ni mbili tu za mwanzo, na hizo hazigawiki, kwa sababu huamuliwa ndani ya sekunde. Zilizobaki zote zinagawika vizuri sana.

Kwa kipa kuna jambo jingine. Yuko mbali. Penalti ikitokea upande wa pili, hafiki bila kukimbia kama alivyokimbia kaka. Kwenye Euro 2024 UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, walielekeza kwamba nahodha peke yake ndiye amfuate refa kumuuliza jambo, na kama nahodha ni kipa, timu itaje mchezaji mwingine asiye kipa atakayeifanya kazi hiyo. Wakubwa wenyewe wameliona.

Tukaamua kitambaa kimoja, cha dogo. Refa, penalti, faulo ni zake. Ruhusa, nidhamu, posho na kamati ni za kaka, na akisema hapana ni hapana, dogo mwenyewe akiwemo.

Nilipokosea ni kwenye kumwambia. Nilikwenda kwa kaka baada ya sala ya Isha, nikakaribishwa chai, nikaanza kuzunguka. Akanikata: "Mwalimu, nimeshasikia tangu mchana." Mjumbe wa kamati alikuwa amevujisha. "Kitambaa chukueni. Ila nimeambiwa na kijana anayenifulia glovu." Sikuwa na la kujibu. Kwa hiyo kama unamvua mtu, nenda kwake kabla hujamwambia hata kamati, tena nenda mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Ilimchukua kama wiki mbili kunisalimu vizuri.

Hatukuchukua kombe. Tulimaliza katikati ya msimamo, tukashinda mechi kadhaa ambazo mwanzoni mwa msimu tungezipoteza, na penalti mbili tulizopata baadaye alipiga mtu mmoja bila mjadala. Moja aliikosa. Hakuna aliyegombana.

Kitambaa cha pili kilikaa kwenye mfuko wa jezi mpaka siku moja wavu wa goli letu ulipochanika kabla ya mechi na kamba hatuna. Kaka akakitoa mwenyewe, akakipasua katikati kwa meno, akafungia tundu.