Shangazi, mtalaka wangu ananitia hasara ya pauni 14,000

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 44, naishi Leicester. Nimeachana na mke wangu. Nilitoka nyumbani miaka 2 iliyopita, yeye kabaki na watoto. Hati bado ina majina yetu sote. Nimepata nyumba ya pauni 280,000, lakini wakili anasema ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, utakuwa 18,000 badala ya 4,000, kwa kuwa nahesabiwa nina nyumba nyingine. Mwanamke nimemwambia tuuze, hataki. Jina langu siondoi, nimelitolea jasho. Kibanda changu cha Kigamboni, kama pauni 60,000 hivi, yeye hakijui na sikigusi. Amenikomoa hata baada ya talaka. Nifanyeje? Baba wa wawili."

Marahaba, baba wa wawili. Pole kwa talaka. Kuzoea sauti za watoto asubuhi kisha ukaamka chumba kimya si jambo dogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sijaona mama huyo alipokukomoa. Amewalaza watoto wako chini ya paa walilolizoea. Ulitaka awapeleke wapi?

Kigamboni umeipita mbio, mimi nikasimama hapohapo. Kibanda cha pauni 60,000! Ile nyongeza ya ushuru kwa mwenye nyumba nyingine, asilimia 5 ya bei, iliyokuwa 3 mpaka Oktoba 2024, inahesabu nyumba popote duniani, sehemu yako ikifika thamani ya pauni 40,000. Tangu Novemba 2017, mahakama ikitoa amri ya talaka kwamba mwenzio abaki kwenye nyumba mliyoishi, hisa yako humo haihesabiwi. Lakini Kigamboni itabaki kukufunga.

Njia ipo, na si ya kumtoa mtu nje. Mwachie mama watoto hisa yako kwa amri ya mahakama, benki ya mkopo ikikubali, na haki yako mpige hesabu akulipe. Hapo utahesabika umebadilisha makazi, nyongeza isikuguse hata ukiwa na Kigamboni, mradi uliishi humo ndani ya miaka 3 kabla ya kununua. Umebakiwa na mwaka 1. Ukinunua kwanza, utalipa yote 18,000, kisha ukimwachia ndani ya miaka 3 uidai ile 14,000. Usichelewe kudai, muda wake una kikomo. Kwa hiyo kinachokugharimu ni jina ulilong'ang'ania kwenye hati. Nahisi hulishikilii kwa ajili ya jasho. Unataka asiweze kupumua bila ruhusa yako.

Nina uchungu na jambo hili, maana barua za namna hii napata nyingi. Watu wanakula sahani moja Ulaya, huku kila mmoja anajenga kwa siri nyumbani, mume kwa kaka yake, mke kwa mama yake. Kisha wanashangaa ndoa imekuwa baridi! Wazee walisema mficha uchi hazai. Mmefunga ndoa au mmefunga mikoba?

Na mahakamani ulisema? Fomu E, ile ya kutaja mali kwenye kesi ya talaka, inataka kila mali, hata iliyo ng'ambo ya bahari. Ukificha, amri yaweza kufunguliwa upya, na hapo 14,000 utaiona ndogo.

Kabla hujarudi kwa wakili, mpigie mama wa watoto wako. Mtajie Kigamboni kwanza, ya ushuru yafuate.