Maswali ya wasomaji: Nina picha za mabango kibao, kitabu kiko wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri wa picha. Huu mwaka wa tatu napiga picha mabango ya matangazo mjini, yale makubwa ya barabarani, ya juu ya maghorofa, mpaka vile vidogo vya vituo vya basi, na nimefikisha picha kama elfu nne hivi. Nataka nitoe kitabu. Shida nikizitandaza mezani naona kama katalogi ya kampuni ya matangazo, mji wenyewe siuoni. Nimekosea wapi?
*Msomaji mwenye picha elfu nne*

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa miaka mitatu, wengi wanachoka mwezi wa pili. Sijaziona picha zako lakini kwa maelezo yako nahisi unasogea karibu mno, yaani bango linajaa fremu nzima kona hadi kona, sasa ukifanya hivyo unabaki na nakala ya kazi ya mtu mwingine, maana mbunifu wa lile tangazo alishamaliza kazi yake kabla hata hujafungua kamera. Kitabu chako kinaanzia pale tangazo linapoishia. Nguzo yenye kutu, waya za umeme zinazokatiza uso wa yule dada anayetabasamu, mti uliofyekwa matawi ili bango lionekane, mtu aliyepumzika kwenye kivuli cha bango ambaye hata hajui juu yake kunauzwa nini. Rudi nyuma hatua ishirini, alafu rudi nyingine ishirini.

Mfano ninaoupenda ni wa 1937. Mwaka huo mto Ohio ulifurika huko Marekani na mpiga picha Margaret Bourke-White akaenda mji wa Louisville, akapiga picha watu weusi wamepanga foleni ya msaada na vikapu na ndoo mkononi, na nyuma yao kuna bango kubwa la familia ya wazungu ndani ya gari, wote wanacheka mpaka mbwa wao kafurahi, na maandishi yanajisifu kwamba hakuna nchi yenye maisha bora kuliko hiyo. Angesogea akapiga bango peke yake leo tusingekuwa na cha kuongea. Mwaka huohuo mpiga picha Dorothea Lange alipiga picha ya wanaume wawili wanatembea kwa miguu kuelekea Los Angeles wamebeba mizigo yao, pembeni bango la treni linawaambia safari ijayo wapande treni wapumzike. Na mwaka mmoja nyuma mwenzao Walker Evans alikuwa ameshapiga picha kule Atlanta ya nyumba mbili za mbao zinazofanana, mbele yake uzio umebandikwa matangazo ya sinema. Picha zote tatu hizo bango ni shahidi tu, kesi yenyewe iko chini yake.

Sasa jambo la pili, na hili ndilo nataka ulishike kuliko lote hapa: daftari. Bango halina maisha marefu, leo lipo, baada ya wiki chache fundi anapanda na turubai jipya na lile la zamani linakunjwa linaenda. Picha ya bango isiyo na tarehe na mahali inapoteza nusu ya thamani yake. Lange alikuwa anaandika maelezo marefu ya picha zake, wapi, lini, watu walisema nini, na ndio maana mpaka leo watafiti wanazitumia. Andika tarehe, barabara, upande uliosimama, lenzi, na kama fundi wa kubandika yupo muulize, watu hawa wanaujua mji kutokea juu na hakuna anayewauliza kitu.

Naongea kwa uchungu kwasababu mi mwenyewe kuna miaka miwili ya kazi yangu sikuandika chochote, nilijiambia ntakumbuka. Kamera ilikuwa na saa isiyo sahihi, GPS haina, na leo nina mamia ya picha nzuri za mabango ambayo siwezi kusema yalisimama barabara gani wala kabla au baada ya kitu gani. Nimejaribu kuzipanga kwa kuangalia namba za magari na urefu wa majengo yaliyokuwa yanajengwa nyuma, zingine nimezipata, nyingi bado. Kwahiyo kabla hujapiga picha ya elfu nne na moja, kaa chini uandike za zamani unazokumbuka, anza leo jioni.

Alafu rudi palepale. Chagua sehemu kumi tu, weka alama chini ulipokanyaga, lenzi ileile, urefu uleule, na urudi kila mwezi. Ukizipanga hizo picha kwa mfululizo utaona matangazo yanabadilika, jengo linapanda, duka linafungwa, ila nguzo haijasogea hata sentimita. Hapo ndio mji unaanza kuonekana kwenye meza yako.

SWALI: Je bango likiwa tupu, halina tangazo, nalo nipige? Rafiki yangu anasema napoteza muda.
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Piga, tena mengi. Fremu tupu ya bango inakuambia biashara imeyumba, au eneo limehama watu, au sheria imebadilika. Mji wa São Paulo, Brazil, ulipitisha sheria ya Mji Safi 2006 chini ya meya Gilberto Kassab, ikaanza kazi Januari 2007, mabango ya nje yakapigwa marufuku na maelfu yakashushwa. Kwa muda mji ulibaki na mifupa ya chuma imesimama juu ya majengo bila kitu, na kuta ambazo watu hawakuwahi kuziona zikatokea. Aliyekuwa na kamera na daftari wakati ule alikuwa na kitabu mkononi. Na sio Brazil tu, jimbo la Vermont kule Marekani lilipiga marufuku mabango ya barabarani tangu 1968, na Grenoble ya Ufaransa nayo ilitangaza 2014 kwamba inaondoa ya mitaani. Hujui mji wako utaamua lini, ndio maana nasema piga lililopo na piga lisilokuwepo.

SWALI: Mabango ya skrini yananisumbua. Picha inatoka na michirizi myeusi, au skrini inakuwa nyeupe tupu kama taa. Natumia kamera ya kawaida.
*Msomaji wa kamera ya kawaida*

JIBU: Kamera haina tatizo. Zile taa ndogo za skrini zinawaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni, sasa shata, ile pazia ya kamera inayofunguka kupitisha mwanga, ikiwa ya haraka inakamata baadhi ya mistari ikiwa imewaka na mingine imezima, ndio hiyo michirizi. Punguza kasi ya shata, jaribu 1/60 ya sekunde, michirizi ikibaki shuka 1/30, weka kamera kwenye stendi, na piga nyingi maana kila skrini ina tabia yake. Kuhusu weupe, pima mwanga kwenye skrini yenyewe, usipime kwenye barabara, na nenda muda ule jua limeshazama lakini mbingu bado ina bluu, ni dakika chache tu, hapo skrini na mji vinakaribiana mwanga na huhitaji ujanja wowote kwenye kompyuta. Saa nne usiku skrini itashinda kila kitu. Na kama ukiona mawimbi ya ajabu kwenye picha ni vitone vya skrini vinagongana na pikseli za kamera, yaani vitone vinavyounda picha, sogea mbele au nyuma kidogo yanapotea.

Ongezea kwenye daftari: skrini inazungusha matangazo, kwahiyo andika na saa na dakika.

SWALI: Naogopa kushtakiwa. Matangazo yana wenyewe, na wale watu waliomo kwenye mabango pia. Naruhusiwa kuyauza ndani ya kitabu?
*Msomaji mwenye hofu*

JIBU: Hofu yako ina msingi, na usimsikilize anayekuambia kila kilichopo barabarani ni cha wote. Nchi nyingi zina sheria inayoruhusu kupiga na kutumia picha za vitu vilivyo hadharani lakini mipaka yake inatofautiana sana. Uingereza kwa mfano, sheria yao ya hakimiliki ya 1988 inaruhusu majengo na sanamu zilizowekwa hadharani kwa kudumu, lakini mchoro au bango halimo kwenye ruhusa hiyo. Kuna kifungu kingine kinachokinga kazi iliyoingia kwenye picha kama kitu cha pembeni tu. Marekani ruhusa ya namna hiyo ni ya majengo, na kwa mabango mtu anategemea kanuni ya matumizi ya haki, ambayo mahakama inaangalia kesi kwa kesi, umetumia kwa lengo gani, kiasi gani, na umemharibia mwenye kazi soko lake au vipi.

Sasa ona inavyorudi kwenye jibu la kwanza: picha iliyojaa tangazo kona hadi kona ndiyo inayokuweka pabaya, ile yenye barabara na watu na bango moja kati ya vitu kumi ina utetezi mzuri zaidi. Usiweke nembo ya kampuni kwenye jalada mtu akadhani wamekudhamini. Watu halisi wanaopita, hasa watoto na wenye shida, hata kama sheria inakuruhusu jiulize kama wewe ungependa kuonekana hivyo chini ya tangazo la watu wanaocheka. Na kabla ya kupeleka kiwanda cha uchapaji lipia saa moja ya mwanasheria wa hakimiliki wa nchi yako akupitishie kurasa, usikubali kuruka hatua hii.

SWALI: Picha ngapi zinatosha kitabu? Na nizipange kwa mwaka, kwa mtaa, au kwa aina ya bidhaa?
*Msomaji anayepanga*

JIBU: Chache kuliko unavyodhani. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani miaka ya 1955 na 1956 akapiga zaidi ya picha 27,000, kitabu kikatoka na 83. Kwa kazi ya mabango mi naona 60 mpaka 80 inatosha, zikizidi msomaji anaanza kufungua kurasa bila kuangalia.

Usipange kwa bidhaa, nakuomba, soda na soda, simu na simu, hapo umerudi kwenye katalogi. Kwa mwaka inakubalika ila inachosha. Chapisha picha ndogondogo za bei rahisi, zitandaze sakafuni, alafu anza kuzikutanisha mbili mbili, ukurasa wa kushoto na wa kulia, uone zinasemezana nini, bango la nyumba za kifahari kushoto na kulia fremu tupu iliyoota majani, labda. Ziache sakafuni wiki nzima, pita, badilisha, muite mtu ambaye hapigi picha kabisa aangalie anasimama wapi. Zile sehemu kumi unazorudia zitawanye katikati ya kitabu, msomaji akikutana na nguzo ileile mara ya tatu atashtuka, ataanza kurudi nyuma kurasa kulinganisha, na msomaji anayerudi nyuma kurasa ni zawadi kubwa kwa mtu yeyote anayetengeneza kitabu.

SWALI: Mabango ni marefu kwa upana, nataka kila picha ijaze kurasa mbili. Kuna shida?
*Msomaji*

JIBU: Ipo. Katikati ya kurasa mbili pana mshono na unameza picha, sasa kama sura ya mtu au maneno ya bango yapo katikati ndio yameenda. Kitabu cha gundi tupu ndio kibaya zaidi maana hakifunguki kikalala, kama una picha nyingi za kurasa mbili dai kishonwe kwa uzi. Chagua chache za kutandaza hivyo, ambazo katikati yake ni anga au lami.

Piga na hesabu ya pikseli. Kiwanda kinataka pikseli 300 kwa inchi, picha ya kamera yenye upana wa pikseli 6,000 inakupa inchi 20, kama sentimita 51 hivi, kwahiyo ukikata kingo tu umeshapungukiwa. Rangi nazo, skrini ya kompyuta inatengeneza rangi kwa mwanga na kiwanda kinatumia wino wa aina nne, ile bluu kali ya bango la usiku na chungwa linalowaka havitatoka vilevile hata ufanyeje, omba kurasa za majaribio kwenye karatasi yenyewe ya kitabu uzione mchana kabla ya kusaini. Karatasi isiyong'aa inakunywa wino, picha za usiku zinaweza kuziba zikawa nyeusi tii, zifungue mwanga kidogo kabla. Kurasa panga kwa mafungu ya 16, ziwe 96 au 112 au 128, ndivyo karatasi kubwa zinavyokunjwa, ukija na 101 utalipia kurasa tupu.

Na kabla ya hayo yote tengeneza kitabu cha mfano kwa mikono yako, karatasi za kawaida, gundi, uzi, ukubwa uleule. Nyuma kabisa weka ukurasa wa maelezo, namba ya picha, tarehe, barabara, ulikuwa umesimama upande gani. Mpe mtu anayeishi mtaa ulioupiga akifungue mbele yako na wewe unyamaze, usimuelezee kitu, shika tu kalamu na daftari maana akifika kwenye bango analolijua ataanza kukuambia lilikuwepo nini kabla yake.