Baba anaomba sindano ya mwisho: jibu kwa dada wa Kadutu

Dada, pole sana. Unasema baba ana kansa ya ini iliyosambaa, anataka muganga amchome sindano ya mwisho ili afe, kisha figo zake apewe shangazi yako. Kaka yako wa Ubelgiji anasema kule inaruhusiwa. Ni kweli, tangu 2002, tena kwa masharti mengi. Hapa Bukavu muganga akifanya hivyo sheria inamhesabu muuaji. Msimwombe.

Figo nazo hazitafaa: kansa inaweza kuhamia kwa atakayezipokea. Mwambieni taratibu, maana nahisi hilo ndilo linalompa moyo.

Lakini msichanganye mambo. Kuacha matibabu yanayomtesa bure si kumuua. Mama yangu mdogo naye aliomba kufa; usiku aliuma pindo la kitenge ili watoto wasimsikie. Alipoanzishiwa morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya saa 4, siku ya tatu akaomba sombe, akatugombeza kwamba haina chumvi. Habari za kufa hakuzirudia. Ulizeni morfini kwanza, pamoja na dawa ya kulainisha choo, maana morfini inafunga tumbo vibaya. Sasa hivi baba anapewa nini kwa maumivu? Usiniambie parasetamoli.