Mashimo ya kaa mbele ya nyumba

Dada, umeuliza kama mashimo ya ufukweni mbele ya nyumba yako ni ya panya, na kama uyafukie au uyamwagie mafuta ya taa. Mashimo hayo yenye mchanga uliotapakaa mdomoni si ya panya. Ni ya kaa wale wa rangi ya mchanga, wenye mbio. Wakubwa wana ncha kama pembe juu ya macho. Kuyafukia ni kazi bure, usiku watachimbua mengine. Huchimba hadi kwenye unyevu kwa sababu matamvua yao ya kupumulia yakikauka wanakufa, ndiyo maana utayaona mashimo yao karibu na mstari wa maji kujaa. Kumwaga mafuta ya taa shimoni achana nako kabisa! Wao hula mizoga, kwa hiyo usimwage matumbo ya samaki hapo mlangoni. Na watoto wasiingize mkono shimoni, gando linabana.