Boda ya betri irithi Boda ya petroli?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Jinja, najifunza Java (lugha ya kuandikia programu), natengeneza programu ya boda za steji yetu. Klasi yangu (yaani ramani ya kuundia vitu vya aina moja) Boda ina methodi, yaani kazi inayoweza kufanya, jazaMafuta(). Sasa zimekuja boda za betri, nikaandika BodaYaUmeme inayorithi Boda, yaani inachukua yote ya Boda, lakini jazaMafuta() sijui niifanyeje, nimeiacha irushe eksepsheni (taarifa ya hitilafu). Iko sawa?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Haiko sawa, na hiyo eksepsheni ndo inakwambia. Ukirithi umeahidi kwamba popote panapotakiwa Boda hata BodaYaUmeme itafanya kazi, sasa siku ukiandika lupu ya kujaza mafuta boda zote za steji, ikifika kwa ya betri programu inakufa hapo hapo. Wengine huiacha methodi tupu, hiyo mbaya zaidi maana inanyamaza alafu ripoti inaonyesha imejazwa.

Kosa liko kwa Boda yenyewe, ulivyoipachika mafuta. Tengeneza interfesi (orodha ya methodi ambazo klasi inaahidi kuwa nazo) Nishati yenye ongeza() na kilichobaki(), alafu TangiLaPetroli na Betri ziitekeleze. Boda ibaki klasi moja tu yenye fildi (nafasi ya kuhifadhi kitu ndani yake) ya Nishati, unaandika new Boda(new Betri()) basi. Mtu akitoa injini ya petroli akafunga mota, wewe unabadilisha fildi. Kwa urithi ungekwama, objekti (kitu kilichoundwa kutoka klasi) ikishaundwa klasi yake haibadiliki.

Ila angalia betri zenyewe. Hizi zinazobadilishwa kwenye stesheni, dereva anaacha iliyoisha anabeba iliyojaa, betri inaendelea kuishi bila boda yake, kwa hiyo kwenye UML (michoro ya kupanga programu) hiyo ni agregesheni, uhusiano unaochorwa kwa almasi nyeupe. Nyeusi ya komposisheni iwekee kitu kinachokufa na mwenyewe, mfano safari na vituo vyake. Ndo maana Boda iipokee betri kutoka nje kupitia konstrakta (sehemu ya klasi inayotayarisha objekti inapoundwa), usiiunde ndani ya Boda.

Usijisikie vibaya lakini, hata Java kwenyewe klasi ya Stack (rundo) inarithi Vector (orodha), yaani rundo ambalo ungetegemea utoe cha juu tu, unaweza kuchomeka kitu katikati na hakuna wa kukuzuia! Siku hizi maelezo yao yenyewe yanasema tumia Deque, foleni ya kuongeza na kutoa pande zote mbili.

Urithi wenyewe usiutupe. Eksepsheni yako ya BetriImeisha lazima irithi Throwable, kwa kawaida kupitia Exception au mojawapo ya watoto wake, hapo hakuna ujanja.