Nina GPA 3.9 ya saikolojia, nibaki chuo nifundishe?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa tatu nasoma saikolojia hapa Dodoma, GPA yangu inacheza kwenye 3.9. Natamani kuwa mhadhiri ila baba anasema hii kozi ni ya kusikiliza matatizo ya watu tu, bora nitafute kazi ya HR. Njia yenyewe ikoje?
Binti wa mwaka wa tatu, Dodoma

JIBU: Marahaba binti. Hiyo 3.9 ilinde, maana vyuo vya umma wanataka kuanzia 3.8 ndo uombe u-TA (Tutorial Assistant, ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo), ukiteleza semista ya mwisho ukaangukia 3.7 imekula kwako. Masta nayo wanataka 4.0, hapo unakuwa mhadhiri msaidizi, uhadhiri wenyewe mpaka PhD.

Baba mwambie unasihi, yaani huko kusikiliza matatizo ya watu, ni tawi moja tu la saikolojia. Vyuoni kwetu nafasi nyingi za watu wa saikolojia ziko upande wa elimu kwasababu kila anayesomea ualimu lazima apitie saikolojia ya elimu, kwahiyo jiandae kwa darasa la mamia ya watu, nusu wamebeba desa (notisi za kurithishana) la mwaka juzi, na skripti za UE, mtihani wa mwisho wa semista, zimejaa mpaka chini ya meza. Na watakufuata ofisini na mambo ya mapenzi na bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) kuchelewa utake usitake, hapo baba kapatia kidogo.

Ila cheo kinapandishwa na machapisho, na hapo ndo wengi wanaganda miaka. Mtu anachukua dodoso la Marekani, anageuza lugha, anawagawia wanafunzi wake, basi ndo utafiti! Mi naona ni uvivu. Katafute utafiti wa mwanasaikolojia Robert Serpell wa Zambia, 1979, watoto wa Lusaka na wa Manchester waliambiwa waige maumbo, kwenye karatasi na penseli wa Manchester wakashinda, ukaletwa waya, wale wa Lusaka wakawapita kwasababu magari ya waya ndo michezo yao, kwenye udongo wakalingana. Sasa nani ana akili zaidi hapo? Na huku kwetu Bagamoyo timu ya Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani (walichapisha 2002), iliwapa watoto wa shule za vijijini majaribio ya akili, wakawaelekeza kidogo jinsi ya kuyafanya, wakawapa tena na alama zikapanda, yaani ile alama ya kwanza ilikuwa imeficha uwezo wao. Maswali ya hivyo yamejaa mtaani kwenu hayajaguswa.

Hela? TA hatajirika, ila mara nyingi unaenda kusoma ukiwa bado kwenye ajira, sio haba.

Kwa sasa fanya hivi: ule utafiti wako wa kumalizia digrii usikopi wa mtu, mtafute msimamizi anayechapisha kweli, muombe muutoe pamoja kama makala. Na matangazo ya vyuo vya umma yako Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, fungua akaunti sasa hivi usisubiri graduu.